Karatasi na ukaguzi wa serikali katika shule ya mafundi wa ndege: mwongozo kamili

Fundi wa ndege akimaliza kazi, huweka sahihi. Ndege inapaa na watu ndani, na hakuna abiria anayeshuka kwenda kuhakikisha nati zimekazwa. Shule iliyomfundisha fundi huyo nayo iliweka sahihi yake siku moja, kwenye cheti kinachosema mtu huyu ameiva. Mwongozo huu unahusu sahihi hiyo ya shule na karatasi zinazoipa nguvu. Nimeuandika kwa ajili ya anayefungua shule ya namna hii, na pia kwa aliyekabidhiwa funguo za masjala ya shule iliyokwishaanza na hajui pa kushika.

Kabla ya fomu ya kwanza

Watu wengi huanza kwa kuuliza fomu zinapatikana wapi. Anza kwa kuuliza kwa nini serikali inajali.

Jibu liko kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hukitumia kutungia kanuni zao za leseni. Kinasema anayeomba leseni ya ufundi wa ndege awe na umri usiopungua miaka 18, na awe na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege. Akiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa, miaka 4 inakuwa 2. Ulaya punguzo ni kubwa zaidi: kwa leseni ya ndege za injini za turbini, mtu asiye na mafunzo ya ufundi anadaiwa miaka 5, na mhitimu wa kozi iliyoidhinishwa anadaiwa 2. Marekani, asiyepita shuleni lazima athibitishe miezi 18 ya kazi kwa daraja moja, la bodi ya ndege au la injini, au miezi 30 akitaka yote mawili. Mwenye cheti cha shule iliyoidhinishwa huenda kwenye mitihani bila kudaiwa miezi hiyo.

Kwa maneno mengine, cheti chako kinafuta miaka ya mtu kukaa hangarini. Kila karatasi utakayoombwa inauliza swali lilelile: mlimpa nini badala ya miaka hiyo, na mnathibitishaje? Ukilishika swali hili, hata kanuni ngumu zitaanza kukueleweka.

Hatua ya 1: Zijue ofisi zote zinazokuhusu

Msimamizi mkuu ni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi. ICAO haitoi idhini kwa shule yoyote. Inaweka viwango, na nchi ndiyo inayotoa kibali na kukagua. Marekani kazi hiyo ni ya FAA. Ulaya kanuni ni za pamoja chini ya wakala wa EASA, na ukaguzi wa shule nyingi hufanywa na mamlaka ya nchi husika. Pande zote mbili kanuni za shule hizi zimepewa namba moja, 147, ila zilizomo si sawa. Usichukue jibu la upande mmoja ukalipeleka upande mwingine.

Nyuma ya mamlaka ya anga wapo wengine: wizara au bodi inayosajili vyuo, chombo cha ithibati, ofisi ya mikopo ya wanafunzi, zimamoto, na wanaosimamia kemikali na taka, kwa sababu karakana ina mafuta, rangi na viyeyusho. Marekani, tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2022, shule yenye ithibati ya chombo kinachotambuliwa na serikali huhesabiwa kuwa imetimiza sharti la mfumo wa ubora. Isiyo na ithibati lazima ijenge mfumo wake na FAA iukubali.

Chora jedwali la kurasa mbili tu: ofisi, inachotaka, tarehe ya kuhuisha, nani wetu anashughulikia. Libandike pale mkuu wa shule anapokaa. Kibali cha mamlaka ya anga kinaweza kuwa salama kabisa, na shule ikafungwa kwa sababu usajili wa wizara umeisha muda na hakuna aliyekuwa akiutazama.

Hatua ya 2: Maombi hupita milango mitano

Utaratibu wa ICAO, unaofuatwa na mamlaka nyingi, una awamu tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uchambuzi wa nyaraka, ukaguzi wa mahali, na utoaji wa cheti. Hakuna mlango unaorukwa. Mazungumzo ya awali wengi huyaona ni salamu tu, kumbe ndiyo yanayookoa fedha. Nenda kabla hujanunua vifaa wala kupiga rangi ukuta. Eleza unataka kufundisha daraja gani, wapi, na wanafunzi wangapi. Muulize mkaguzi toleo lipi la kanuni linatumika leo, kisha umwandikie barua kuthibitisha mlichozungumza.

Kwenye maombi rasmi kuna fomu yenyewe. FAA inatumia Fomu 8310-6. EASA inatumia Fomu 12, na idhini hutolewa kwa Fomu 11. Fomu ni kurasa chache. Uzito uko kwenye viambatisho: maelezo ya majengo, orodha ya zana, mtaala, sifa za walimu, na kitabu cha taratibu.

Kiambatisho ninachokithamini kuliko vyote ni jedwali la ulinganifu. Chukua kanuni, kifungu kwa kifungu. Safu ya kwanza iwe namba ya kifungu, ya pili namna shule inavyokitimiza, ya tatu ukurasa wa kitabu chako unaothibitisha. Usiandike “tumetimiza” bila kuonyesha ukurasa. Kifungu kisichokuhusu kiandike hivyo na utoe sababu. Mimi hulijaza jedwali hili kwa mkono kwanza, nikiwa na kitabu cha taratibu pembeni, kwa sababu likijazwa hivyo linafichua mashimo ambayo mkaguzi angeyakuta miezi mitatu baadaye.

Hatua ya 3: Kitabu cha taratibu

Hiki ndicho mkataba wako na serikali. Kikishakubaliwa, utapimwa kwa kanuni na utapimwa kwa kitabu chako mwenyewe. Ukiandika kwamba zana zinahesabiwa kila jioni, na jioni moja hazikuhesabiwa, umevunja sheria uliyojitungia.

Kiwe na tamko la mkuu mwenye dhamana, yaani mtu mwenye uwezo wa kutoa fedha ili shule itimize masharti. Kiwe na majina na majukumu ya viongozi, orodha ya walimu na watahini, orodha ya kozi, maelezo ya majengo, taratibu za kufundisha na kutahini, utunzaji wa rekodi, ukaguzi wa ndani, na namna ya kukirekebisha. Kila ukurasa uwe na namba ya toleo na tarehe. Nakala zote zijulikane ziko kwa nani. Nakala ya zamani iliyosahaulika kwenye kabati la karakana inatosha kuwa hoja ya ukaguzi.

Naomba hili lisikilizwe: usinakili kitabu cha shule nyingine. Niliwahi kupewa nipitie kitabu kilichoeleza kwa ufasaha namna ya kutunza chumba cha kupaka rangi. Shule yenyewe haikuwa na chumba hicho. Walimu hawakuwa wamekisoma kitabu, na nisingewalaumu, maana hakikuwa chao.

Hatua ya 4: Majengo na zana

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni ziko wazi. Madarasa yawe na mwanga, hewa na utulivu. Karakana itengwe na darasa la nadharia. Vifaa na ndege za kufundishia vilingane na mtaala. Idadi inahesabiwa: Ulaya darasa la nadharia lisizidi wanafunzi 28, na mafunzo ya vitendo yasizidi wanafunzi 15 kwa msimamizi mmoja. Marekani karakana isizidi wanafunzi 25 kwa mwalimu mmoja.

Kinachoangusha shule nzuri ni vipimo. Chukua spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukutani. Ina namba yake? Kibandiko kinasema ilihakikiwa lini, na itahakikiwa tena lini? Cheti cha maabara kiko kwenye faili kwa namba ileile? Spana iliyopita muda wake ikae kwenye boksi lenye alama nyekundu, au ibandikwe waziwazi kuwa ni ya kuonyeshea tu. Mwanafunzi anayezoea kukaza bolti kwa spana isiyoaminika anajifunza kuamini kitu kibaya, na atakwenda na mazoea hayo kazini.

Hatua ya 5: Majalada ya walimu

Kila mwalimu awe na jalada lake: nakala ya leseni, vyeti, historia ya kazi, masomo aliyoidhinishwa kufundisha, barua ya uteuzi yenye tarehe, na mafunzo ya kujinoa. Ulaya walimu na watahini wanatakiwa kunolewa upya angalau kila miezi 24, na muda wa kawaida ni saa 35. Marekani mwalimu awe na cheti cha ufundi chenye daraja linalohusika, au awe na sifa maalumu za somo analofundisha, kama hisabati au fizikia.

Tarehe ya uteuzi ina uzito. Kama mwalimu aliingia darasani Jumatatu na barua yake inasoma Alhamisi, una siku tatu za masomo yaliyofundishwa na mtu ambaye kwenye karatasi hakuwepo.

Hatua ya 6: Mtaala, saa na uwezo

Kuna shule mbili za mawazo kuhusu namna ya kupima mafunzo. Ulaya bado inahesabu saa: kozi ya msingi kwa ndege za injini za turbini ni saa 2,400, na nadharia inachukua kati ya asilimia 50 na 60. Marekani ilihesabu saa kwa miongo mingi, 1,900 kwa madaraja yote mawili, yaani 400 za jumla, 750 za bodi na 750 za injini. Kuanzia tarehe 21 Septemba 2022 hesabu hiyo iliondolewa. Sasa mtaala lazima ulingane na viwango vya FAA vya kumthibitisha fundi, vinavyotaja anachopaswa kujua, hatari anazopaswa kuzitambua na kazi anazopaswa kuzifanya kwa mikono.

Binafsi nauona mwelekeo wa uwezo kuwa bora kwa mwanafunzi, ila unaidai masjala zaidi. Kuthibitisha kwamba mtu alikaa darasani ni rahisi. Kuthibitisha kwamba anaweza kukagua bomba la mafuta lenye nyufa akalitambua, akalitoa na kuweka jipya kwa mpangilio, kunahitaji rekodi iliyoandikwa na mwalimu aliyekuwa amesimama pale. Kwa hiyo kila kazi ya vitendo iwe na karatasi yake: mwongozo wa kiufundi uliotumika na toleo lake, zana, hatua, kiwango cha kufaulu, sahihi.

Hatua ya 7: Rekodi za mwanafunzi

Hapa tukae, maana hapa ndipo shule nyingi huumia.

Jalada la mwanafunzi liwe na fomu ya kujiunga, kitambulisho, uthibitisho wa elimu ya awali, masomo aliyosamehewa na msingi wa msamaha huo, mahudhurio, kazi za vitendo, mitihani yote pamoja na aliyoshindwa, masomo ya kufidia, na nakala ya cheti. Ulaya rekodi hizi zinatunzwa bila kikomo cha muda. Hata kama nchi yako inaruhusu muda mfupi, nakushauri usiharibu chochote kinachoonyesha mtu alihitimu.

Nikiwa kwenye shule moja, mkaguzi alichagua jalada la mwanafunzi kutoka kwenye rundo, akafungua daftari la kazi za vitendo. Kazi tisa, tarehe tisa tofauti, zote kwa wino wa rangi moja na mwandiko wenye mlalo uleule, kama mtu aliyekaa mezani akazimaliza kwa mkupuo. Hakuinua sauti. Aliomba jalada la likizo za watumishi. Mwalimu aliyeweka sahihi alikuwa likizo katika tarehe mbili kati ya hizo tisa.

Mwalimu huyo alikuwa fundi hodari na aliwafundisha kweli. Alikuwa tu na desturi ya kuacha karatasi zirundikane, kisha kuzijaza kwa kumbukumbu. Ilibidi wanafunzi wa kundi lile warudie kazi zile mbele ya mwalimu mwingine, na mahafali yao yakasogezwa. Nilimwona kijana mmoja akimpigia mama yake simu kumweleza kwamba hatamaliza mwezi ule. Tangu hapo sikubali sahihi itiwe kesho kwa kazi ya leo.

Sheria za masjala yangu ni hizi. Sahihi hutiwa kazi inapokwisha, kabla mwanafunzi hajavua ovaroli. Mahudhurio huandikwa mwanzo na mwisho wa kipindi, kwa saa, na aliyechelewa huandikwa dakika alizokosa. Kosa halifutwi kwa rangi nyeupe; linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, neno lililo sawa linaandikwa juu yake, herufi za jina na tarehe pembeni. Karatasi tupu yenye sahihi haipo, hata kwa dharura.

Kama unatunza kwa kompyuta, kila mtu awe na nywila yake, mfumo ukumbuke nani alibadilisha nini na lini, na nakala ya akiba ikae jengo jingine. Jaribu kuirejesha hiyo nakala kila baada ya miezi michache. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huijui kama ipo.

Hatua ya 8: Mitihani

Benki ya maswali ifungwe, na orodha ya wanaoifungua iwe fupi. Anayefundisha somo asiwe peke yake kwenye kutunga, kusimamia na kusahihisha mtihani wa somo hilo. Hifadhi ramani ya ukaaji, muda wa kuanza na kumaliza, na toleo la karatasi alilopewa kila mmoja.

Ulaya alama ya kufaulu ni asilimia 75, na kila swali la kuchagua jibu hupewa sekunde 75. Aliyeshindwa husubiri siku 90 kabla ya kurudia, au siku 30 akipata mafunzo ya marudio katika shule iliyoidhinishwa. Mwanafunzi akikamatwa akiibia huondolewa na hafanyi mtihani mwingine kwa angalau miezi 12. Mtahini akikutwa anatoa majibu, hupoteza utahini na mtihani wote unabatilishwa. Katika hali zote mbili mamlaka ijulishwe ndani ya mwezi mmoja. Usifiche. Tukio lililoripotiwa na shule yenyewe linaonyesha mfumo unafanya kazi.

Marekani mitihani ya leseni ni ya FAA, na shule hupimwa kwa matokeo yake: katika kipindi cha miaka 3, angalau asilimia 70 ya wahitimu waliofanya mitihani hiyo ndani ya siku 60 baada ya kumaliza wawe wamefaulu. Fuatilia takwimu hiyo kila mwezi, somo kwa somo. Ukisubiri ripoti ya mwaka, utakuta kundi zima limekwishaondoka na udhaifu uleule.

Hatua ya 9: Mkaguzi anapokuja

FAA inaweza kukagua wakati wowote. Ulaya shule hukaguliwa kikamilifu ndani ya kila miezi 24, na ukaguzi huo lazima uhusishe kuangalia angalau kozi moja ikifundishwa na mtihani mmoja ukifanyika. Kwa hiyo jikague kwanza. Anayekagua idara asiwe anayeiendesha, na matokeo yamfikie mkuu mwenye dhamana kwa maandishi.

Njia ninayoitumia ni kurudi nyuma kutoka kwenye cheti. Chagua mhitimu mmoja bila kupanga. Kwenye cheti chake nenda kwenye matokeo. Toka hapo nenda kwenye kazi moja ya vitendo. Tafuta mwalimu aliyetia sahihi. Hakikisha barua yake ya uteuzi ilikuwa hai siku hiyo, hakuwa likizo, karakana haikuzidi idadi, spana iliyotajwa ilikuwa ndani ya muda wake, na toleo la mtaala lilikuwa limekubaliwa. Nyuzi zote zikikutana, shule yako imesimama. Uzi mmoja ukikatika, umelipata tatizo kabla ya mkaguzi.

Siku ya ukaguzi teua mtu mmoja wa kumwongoza mgeni. Jibu ulichoulizwa; usilolijua, sema utaliangalia, kisha liangalie siku hiyohiyo. Usimnyime mlango. Kwa kanuni za Ulaya, kushindwa kumruhusu mkaguzi saa za kazi baada ya maombi mawili ya maandishi ni hoja ya ngazi ya kwanza, yaani nzito kuliko zote, sawa na shule kukosa mkuu mwenye dhamana, au kuvuruga mafunzo au mitihani kiasi cha kuitilia shaka. Hoja ya ngazi ya kwanza isiporekebishwa ndani ya siku 3 tangu taarifa ya maandishi, idhini inafutwa, inasimamishwa au inapunguzwa.

Majibu ya hoja yana sehemu tatu, na watu huishia ya kwanza: tumerekebisha nini, chanzo kilikuwa nini, na tumebadilisha nini ili lisirudi. “Mwalimu ameonywa” si chanzo. Uliza kwa nini karatasi zilirundikana. Pengine mwalimu ana wanafunzi wengi na hana dakika kumi za kuandika kati ya vipindi. Basi rekebisha ratiba, na ambatisha ratiba mpya kama ushahidi.

Hatua ya 10: Mabadiliko, na siku ya kufunga

Kuhama jengo, kuongeza kozi, kubadilisha mtaala, kubadilisha mkuu mwenye dhamana: haya yote yaandikiwe mamlaka kabla hayajatokea, na mengine yasubiri kibali. Tunza barua na risiti ya kupokelewa kwake. Darasa lililofundishwa kwenye jengo lisilo kwenye idhini linaweza kuhesabiwa halikufundishwa.

Shule inaweza pia kufungwa, na hili liandikwe kwenye kitabu cha taratibu mapema, shule ikiwa na nguvu. Taja nani atachukua majalada, na ni nani atajibu barua za kuthibitisha vyeti. Mhitimu wako anaweza kuomba leseni nchi nyingine miaka 20 baadaye, na mamlaka ya huko itaandika kuuliza kama alisoma kweli. Andika anwani ya mtunzaji wa rekodi nyuma ya kila cheti, na shule ikifungwa mpelekee kila mhitimu nakala iliyothibitishwa ya matokeo yake kabla masjala haijafungwa.